Mapipa Sita ya Mradi Hewa

Jumatatu, 3 Machi

Tumepata! Awamu ya pili tumepata! Profesa kaingia bandani miwani ikiwa kichwani, huku anaitafuta miwani, na katikati ya kuitafuta ndipo akakumbuka kutuambia: Mfuko wa utafiti umekubali kutugharamia mwaka mwingine. Fedha zitaingia wiki hii hii. Bomba karuka kwa furaha, kagonga taa. (Bomba ndiye fundi wetu. Anaitwa hivyo kwa sababu hakuna bomba asiloweza kulifungua, pamoja na yale yaliyokuwa mazima.)

Mimi nikaenda kuyapapasa mapipa. Yote sita. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, daktari wa mawe kwa vyeti, anapapasa mapipa ya plastiki na kuyaambia hongereni. Hakuna aliyeniona isipokuwa Bomba, na yeye alikuwa amejishika kichwa.

Profesa anataka kila mmoja wetu ajizoeze kuueleza mradi kwa maneno machache, maana wageni watakuja. Haya, najaribu hapa. Mgodini hubaki tope, yaani mawe yaliyosagwa yakatolewa madini, kisha yakatupwa. Sisi tunalichukua, tunalitia kwenye pipa, tunalilisha hewa ukaa kutoka kwenye mtungi — ile ile inayotia mapovu kwenye soda, na ile ile inayotoka viwandani ikaipasha dunia joto. Tope linaimeza. Polepole linageuka jiwe, na hewa inabaki humo humo. Haitoki tena. Basi!

Mama kaufupisha zaidi. Nimemsikia kwenye simu akimwambia shangazi: mkubwa anafuga hewa, mdogo anauza mapazia.

Ingekuwa hatujapata, nilikuwa nimekwisha. Chuo kilishasema: fedha zisipoingia kabla ya mwisho wa mwezi, banda linabomolewa, panakuwa maegesho ya magari. Mapipa, dampo. Mimi, dukani kwa mdogo wangu, kupima mapazia. Ameshaniwekea kiti! Tena chenye mto! Kakaa miaka yote akisubiri nishindwe, na kwa upendo kabisa, ndiyo inayouma.

Jumanne, 4 Machi

Ofisi ya uhasibu ina mfumo mpya wa malipo. Mhasibu anaupenda kama mtoto wa kwanza. Amenionyesha: sehemu ya jina la mradi inapokea herufi kumi tu, nafasi ikiwemo, kwa hiyo yeye huandika MRADI na neno moja la kazi yenyewe. Sisi tunaitwa Mradi wa Kuhifadhi Hewa Ukaa kwa Kutumia Mabaki ya Migodi. Profesa ndiye aliyetunga, na Profesa hajawahi kutunga kitu kifupi. Watu wa mradi wa mtama wamekatwa wakabaki MRADI MTAM. Watu wa mbu wamebakiwa na herufi moja, wanajadiliana waifanyie nini.

"Nyinyi," Mhasibu kaniambia, "mmeingia kamili utadhani mlipimiwa." Akageuza kioo nisome.

MRADI HEWA.

Nikamshukuru! Nimerudi bandani napiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Mimi ni mjinga. Mhasibu ni mjinga. Profesa ni mjinga kwa sababu zake mwenyewe.

Afisa wa Mfuko kapiga simu asubuhi kumpongeza Profesa. Kasema kwa miaka yote waliyohangaika na wafanyakazi hewa, wanafunzi hewa, safari hewa na semina hewa, hakuna chuo kilichowahi kuandika chenyewe, tena kwa herufi kubwa, kwamba mradi wake ni hewa. Wamethamini sana uaminifu huo. Fedha wamezizuia.

Na Profesa, ambaye utani haumwingii hata umpigilie kwa nyundo, akajibu kwa fahari: "Ndiyo, ni hewa kabisa! Tena mwaka huu tunataka tuiongeze!"

Afisa akauliza kama Profesa yuko tayari kuyarudia maneno hayo mbele ya mkaguzi. Profesa kasema itakuwa heshima kubwa kwake.

Ilibidi nimweleze mimi. Nikaeleza, hakuelewa. Nikaeleza tena kwa mchoro. Akakaa juu ya pipa la tatu, akavua miwani, akasema neno ambalo sikujua kama maprofesa wanalo.

Na haikuishia hapo! Mfumo huo huo una sehemu ya cheo. Profesa ni MKUU HEWA. Mimi MTAFI HEWA. Bomba ni FUNDI HEWA. Mishahara yetu nayo imesimamishwa, maana mtu hewa halipwi, huo ndio utaratibu. Bomba kakipenda cheo chake. Anasema tangu asubuhi anajisikia mwepesi.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha kubadili jina, ofisini kwa Mhasibu. Watu wanne, viti viwili.

Profesa kapendekeza MRADI GESI. Mhasibu kasema upo tayari, ni wa majiko, na wenyewe wanagombana vibaya. Tukijiingiza tutapigwa mitungi.

Mimi nikasema MRADI UKAA. Mhasibu akausoma kwa sauti. Mradi ukaa. "Wakaa wapi?" Nikamwambia ukaa, hewa ukaa. Akasema anaelewa, lakini mtu akiusoma hivyo ataona mradi umekaa tu, haufanyi kitu, na watauliza umekaa tangu lini.

Bomba: MRADI TOPE. Bomba tena: MRADI TAKA. Nikamwambia anyamaze.

Hapo Profesa akasimama, uso unang'aa. Amepata! Si hewa yetu inageuka jiwe? MRADI MAWE! Herufi kumi kamili! Anatutazama mmoja mmoja kama aliyevumbua moto. Mhasibu akainamia kibodi, mabega yanamtikisika. Mimi nikang'ata kalamu. Maisha yote mtu yuko na mawe, kumbe hajawahi kusikia watu wakiambiana kazi yako mawe, hoja yako mawe, mpira wenu leo mawe matupu! Labda waliwahi kumwambia mwenyewe, akashukuru.

Tulipomaliza kucheka ndipo Mhasibu akakumbuka kwamba jina halibadilishwi mpaka mkaguzi aidhinishe. Si angeanza na hilo?

Ijumaa, 7 Machi

Barua imekuja. Uhakiki ni Jumatatu. Kwanza, wafanyakazi waonekane kwa macho, na kila mmoja aje na ndugu wa kumtambua. Kumtambua! Kama tuko mochwari! Pili, mali ya mradi nayo ionekane kwa macho.

Mali yetu ni hewa. Haionekani hata ikiwa nje, sembuse ikiwa ndani ya jiwe.

Bomba kasema tuyapime mapipa, maana yote yameongezeka uzito tangu tuanze. Profesa kasema mkaguzi atadhani tumeongeza maji. Basi mimi — mimi mwenyewe, hakuna wa kumsingizia — nikasema: siki. Ukikidondoshea siki kipande cha jiwe letu, kinatoa povu. Povu lile ni hewa yenyewe inatoka. Mkaguzi ataiona kwa macho yake, tutamaliza. Asidi ya maabara imekwisha na fedha za kununulia zimezuiwa, kwa hiyo nimepita dukani nikachukua chupa moja ya siki ya kawaida. Njia nzima nimejiona mwerevu.

Jumapili, 9 Machi

Nimemfundisha Mama.

Binti yako anafanya kazi gani? Mtafiti. Vizuri! Anatafiti nini? Hewa ukaa. Safi sana! Unaweza kuthibitisha kwamba yupo? Mama akaniangalia juu mpaka chini. "Yupo. Sukari inaisha."

Tumerudia hadi chai ikapoa. Baadaye, ninaosha vikombe, akaja nyuma yangu akaniuliza taratibu kama kuna jambo baya nimelifanya kazini. Nikamwambia hapana, Mama, ni jina tu limekosewa. Akasema basi wangemwita yeye, yeye ndiye aliyenipa jina la kwanza na halijawahi kuniletea polisi.

Nampenda sana mama yangu. Naogopa kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Nianze na viatu. Mkaguzi kaja na viatu vyeupe. Kwenye banda la tope! Mwanamke wa rika langu, sauti kavu, mkoba umekazwa kwapani kana kwamba sisi ndio tunaokagua. Aliyasalimia mapipa kwanza, yaani aliyahesabu, ndipo akatusalimia sisi.

Akaanza na watu. "Mkuu Hewa!"

Profesa hayupo! Nikamkodolea Bomba macho, namwomba asiseme kitu.

"Ametoka kidogo, mheshimiwa," Bomba akasema. "Kupunga hewa."

Mkaguzi akaandika. Mstari mrefu.

Kumbe Profesa yuko msalani, anajizoeza hotuba. Akarudi, akathibitishwa. Huyu Mkaguzi huthibitisha watu kwa kuwagusa bega na kidole kimoja, nadhani anaangalia kama kitapenya. Bomba kaja na kaka yake, wamefanana mno, kwa hiyo Mkaguzi akataka kujua yupi kati yao ndiye anayedaiwa kuwepo. Wote wawili wakanyoosha mkono. Hilo nalo likachukua muda.

Kisha zamu yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Viatu vizuri hivyo! Utavimaliza hapa."

Mkaguzi akatazama chini. Nadhani hakuwa ameliona tope mpaka hapo.

Akauliza kama ananifahamu. Mama kasema amenizaa. Akauliza kazi yangu. Nikamwona Mama analitafuta neno. Akalitafuta usoni kwangu, akalitafuta darini. "Mta... mta..." Bomba akamnong'oneza. Bomba akinong'ona hata mlinzi wa getini anasikia. "Mtafiti!" Mama akasema kwa furaha.

"Anatafiti nini, mama?"

"Anafuga hewa."

Nikafumba macho.

"Umewahi kumwona akifanya kazi?"

"Kusema kweli sijamwona. Nilipita hapa siku moja, nikamkuta amekaa anayatazama mapipa. Nikaenda zangu sokoni, nikarudi, bado anayatazama. Lakini akija nyumbani anakuja amechoka kweli, na tope mpaka sebuleni. Mtu ambaye hayupo hawezi kuchafua nyumba namna ile."

Mkaguzi akaandika, na mdomo wake — naapa — ukacheza kidogo upande mmoja. Akanigusa bega. Nipo!

Halafu mapipa.

"Hewa iko wapi?"

Profesa akaanza hotuba. Mkaguzi akamsimamisha kwa kidole kile kile, akanigeukia mimi. Nikamwambia imo ndani ya jiwe. Akasema nimwonyeshe. Nikachukua kipande kutoka pipa la kwanza, nikakiweka kwenye kisahani, nikadondosha siki. Shhhh! Povu zuri, jeupe.

Akainama. Uso ukamfunguka kama wa mtoto.

"Tena."

Nikadondosha tena. Akaniomba kidondoshi, kaniomba kwa adabu kabisa. Kisha akasema kila pipa lina namba yake, kwa hiyo kila pipa lijithibitishe lenyewe. La pili, shhhh. La tatu, shhhh. Kufika la nne alishaacha kidondoshi, anamimina na chupa moja kwa moja, tena humo humo pipani, anacheka! Bomba anacheka. Kaka yake Bomba anacheka. Mama anamwambia amimine na kule pembeni. La tano lote likafunikwa na povu. Chupa ikaisha kabla ya la sita.

Akajifuta machozi ya kicheko, akashika kalamu, na uso ukarudi ulikotoka.

"Hii iliyotoka sasa, iko wapi?"

"Imeondoka," Profesa akasema. "Imechanganyika na hewa ya kawaida."

"Irudisheni."

"Haiwezekani."

"Kwa hiyo mali ya mradi imetoka mbele ya macho yangu na hakuna aliyeisainia. Nani ameitoa?"

Sote tukaitazama chupa. Naye akaitazama, iko mkononi mwake. Akaiweka mezani polepole sana.

Jumanne, 11 Machi

Matokeo ya uhakiki yamekuja. Wafanyakazi: wapo. Hewa: ilikuwepo. Fedha: zimezuiwa hadi upotevu uelezwe.

Mdogo wangu kaleta meseji. Anauliza mto wa kiti auchagulie rangi gani. Sijamjibu. Ana moyo mzuri, sina ninachoweza kumlaumu, na leo ningeweza kumtupia jiwe.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya! Mbaya, mbaya!

Mkaguzi karudi. Safari hii na buti za mvua. Kaja na wakaguzi wenzake wawili kushuhudia upotevu unavyotokea, maana ripoti yake hawakuielewa. Wamekuja na siki yao. Dumu zima! Sikujua kama siki inauzwa kwa dumu.

Nilidhani watadondosha tone. Walipoona povu la kwanza, ofisi ya serikali ikafungwa hapo hapo. Mmoja kavua koti. Kelele zikasikika nje, wakaja watu wa mtama. Wakaja watu wa mbu. Akaja katibu wa Makamu Mkuu wa chuo na malimau yake kwenye mfuko, kaambiwa na limau pia linafaa. Linafaa. Mchana foleni imefika hadi kwenye mti wa taa. Mlinzi wa geti anapanga watu.

Nimepiga kelele hadi sauti ikakwama. Nimewaambia kila povu moja ni kazi ya wiki nzima. Mtu wa mbu akasema basi apewe la wiki mbili.

Pipa la kwanza hadi la tano — hakuna kitu. Uji wa siki. Mwaka mzima tulikuwa tunaisukuma hewa iingie, siku moja imetoka yote wakiishangilia. Nilijificha nyuma ya mtungi nikalia. Kidogo tu, lakini kweli.

Mkaguzi ndiye aliyenikuta. Alikuwa amesimama pembeni muda wote, hamimini. Akachuchumaa karibu yangu na zile buti.

"Kwa hiyo ili kuthibitisha kwamba imo, lazima uitoe?"

"Ndiyo."

"Na ukiiacha ndani hakuna atakayeamini?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Sasa hii ni shida."

Nikamwambia ndiyo. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuielewa. Hata Profesa alikuwa kwenye foleni.

Ijumaa, 14 Machi

Jana asubuhi Mkaguzi kawafukuza watu wote. Kwa sauti ile kavu, hakuinyanyua hata. Katibu wa Makamu Mkuu kaondoka na limau moja mkononi.

Limebaki pipa la sita. Hilo halikuguswa, kwa sababu liko nyuma na mfuniko wake unang'ang'ania. Mkaguzi kalifunga kwa utepe, kapiga mhuri, kaandika kwa kalamu nene: HEWA HAITOKI BILA SAINI.

Leo kaja tena, bila wenzake. Kataka nimwonyeshe kipimo cha uzito. Nikamwonyesha pipa lilipoanza na lilipo sasa, na kwamba maji tunayapima peke yake, na tofauti inayobaki ni hewa iliyomezwa. Kauliza maswali. Mazuri! Kauliza kwa nini tope la juu limekuwa gumu kuliko la chini. Nilikuwa nasubiri mwaka mzima mtu aniulize hilo. Nikazungumza hadi nikaishiwa mate.

Kisha tukakaa, tunalitazama pipa. Watu wazima wawili. Akaniambia kazi yake yote imekuwa kutafuta vitu vilivyoandikwa kuwa vipo, akifika havipo. Shule, visima, matrekta. Hii ndiyo mara ya kwanza kukuta kitu kipo kweli na hakionekani. Nikagundua pia kwamba anasema "hewa yetu".

Ameandika ripoti mpya: fedha zitolewe. Nimefurahi. Acha niandike hivyo hivyo, nimefurahi.

Ila lazima isainiwe na Mkurugenzi wa Mfuko. Anakuja mwenyewe Jumatatu. Amesikia habari za povu.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika hapa hapa bandani, mgongo ukutani. Mwandiko utasamehewa.

Mkurugenzi kaja na dereva, mpiga picha na kalamu ya dhahabu. Barua ya kutoa fedha iko mezani, imeshapigwa chapa, imebaki saini tu. Kamsalimia Profesa, kamsalimia Bomba, kasema anapenda sana sayansi. Akasugua mikono. "Haya, povu liko wapi?"

Nikamwonyesha mizani. Nikamwonyesha tofauti. Kasema mizani hata nyumbani anayo na haiamini. Nikamwambia mapipa matano yamekwisha kwa sababu hiyo hiyo ya kutaka kuona. Kasema ndiyo maana lipo la sita! Yeye hasaini kitu asichokiona kwa macho. Ni msimamo wake, amesema, umemfikisha mbali.

Mkaguzi akasimama mbele ya pipa. Utepe haufunguliwi bila saini ya anayeitoa hewa.

Mkurugenzi: yeye ndiye Mfuko.

Mkaguzi: basi Mfuko usaini upotevu.

Mkurugenzi kwa jambo la upotevu hasaini. Hapana, hapana, hilo hapana. Kasema Profesa asaini. Profesa akatafuta miwani. Kasema Bomba asaini. Bomba akasema yeye ni hewa, saini yake haitambuliki kwenye mfumo. Basi wakanigeukia mimi.

Simu ya Mkurugenzi ikaita, akatoka nje kuipokea. Ndipo tulipo sasa. Anazungumza kule mlangoni, anacheka na mtu.

Profesa kanipa chupa ya siki. Kaipitisha chini ya meza kama rushwa. Ananong'ona: tone moja tu, mama, tone moja ni nini, asaini, mwezi unakwisha, watu wa maegesho walishapita Ijumaa na kamba zao wanapima. Nimewaona. Walipima hadi nilipokuwa nimesimama, wakaniomba nisogee.

Najua tone moja ni nini. Mpiga picha ameshaniambia povu akitaka litokee vizuri lazima liwe jingi, na achukue mara mbili tatu kwa usalama. Nikifungua, fedha zinaingia, na hakuna tena cha kutafiti. Nisipofungua, cha kutafiti kipo, na hakuna fedha wala paa. Mama kaniuliza asubuhi leo inakuwaje. Nikamwambia sijui, Mama. Kasema haya, lakini nisije nyumbani na uso wa mtu aliyeuza kitu kisicho chake.

Chupa nimeibana katikati ya magoti ili niweze kuandika.

Mkaguzi anafanya nini? Amevuta kreti. Amepanda. Amekaa juu ya pipa, buti zinaning'inia, mkoba mapajani. Mpiga picha anampiga picha. Bomba ameshika mdomo.

Anasema kanuni zinasema mali yenye utata ilindwe. Hazisemi ilindwe kwa kusimama.

Profesa ananitazama. Bomba ananitazama. Mkaguzi hanitazami, anatazama mlango. Lakini amesogea upande, ameacha nafasi juu ya mfuniko. Anaipigapiga kwa kiganja. Si kubwa, na mimi si mwembamba. Kule nje Mkurugenzi anaagana na mtu wake kwenye simu.